Namba Iliyokatiwa Utepe

Kitendawili, wajukuu zangu. Msiniitikie kwa uvivu, semeni "tega" kama watu mlioshiba. Haya: *ninaye mtoto, anacheka, anashika sikio langu, na bado hajazaliwa.* Fikirini taratibu. Mkishindwa mtanipa mji, lakini si sasa. Kwanza habari.

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri, tena refu. Siwatajii, na si kwa woga, Mungu shahidi. Jina lenyewe liliwekwa kwenye faili la mipangilio, faili likafungwa, na ruhusa ya kulisoma hutolewa Jumatano tu. Mtoa ruhusa, kila Jumatano, yuko semina.

Mipangilio ni nini? Hata mimi sikujua, maana shule niliachia darasa la nne. Nilielezwa na mhandisi mmoja wa serikali anaitwa Lutengano, mtu mpole, shati lake limechomekwa upande mmoja tu. Alisema programu ya kompyuta ni kama mpishi asiye na hiari; hupika alivyoamriwa. Mipangilio ni yale maneno machache anayopewa kabla hajawasha moto: chumvi kiasi gani, watu wangapi, mlango ufungwe saa ngapi. Mpishi ni yuleyule, maneno ndiyo hubadilika. Na kazi ngumu kuliko zote, alisema Lutengano, ni kuamua maneno hayo yakae wapi, ili siku yakiwa na makosa mtu aweze kuyafikia.

Nchi ile ilikuwa na wakunga, na wakunga walikuwa na vidole. Serikali ikaona vidole ni vitu vya kizamani. Ikaleta Mfumo wa Taifa wa Mimba. Mwanamke akishika mimba anaandikishwa, mfumo unamhesabia, na siku zikitimia mfumo wenyewe unafungua mlango wa chumba cha uzazi, unampa kitanda, unafungua friji la damu, na kumtumia ujumbe wa hongera kwenye simu. Nilipoisikia habari hiyo nilipiga vigelegele. Sikuwa nimeulizia mfumo unahesabu mpaka ngapi.

Unahesabu mpaka kumi na mbili.

Haikuwa nia mbaya, msifikirie hivyo. Siku ya uzinduzi ilikuwa imekaribia na mfumo haukuwepo, basi wakachukua programu ya leseni za baiskeli, wakafuta neno "baiskeli," wakaandika "mimba." Leseni ya baiskeli kule hukaa miezi kumi na miwili. Hiyo namba waliisahau ndani. Wiki ya kwanza mfumo uliwauliza wajawazito kama kengele inalia na kama breki ya nyuma inashika. Maswali hayo yaliondolewa baada ya mke wa mkuu mmoja kuulizwa. Namba ikabaki.

Ikabaki kwa sababu Mtukufu Kiongozi alikwishakuja, akabonyeza, akakata utepe. Na mila ya nchi ile ni moja: kilichokatiwa utepe na Mtukufu hakiguswi. Lipo daraja alilizindua kabla ya katikati kujengwa. Mpaka leo watu wanapanda daraja upande huu, wanateremka kwa ngazi, wanavuka mto kwa miguu, wanapanda tena upande wa pili. Ukiwauliza watakwambia ni daraja zuri sana, lina pande mbili.

*

Nilikuwa na mjukuu anaitwa Sikudhani. Mama yake, binti yangu, alitangulia zamani, nikamlea mimi. Fundi cherehani, mdomo mwepesi, akicheka mpaka sindano inakatika. Mimba yake ilipofika mwezi wa nane nilimlaza mkekani nikampapasa. Kichwa nilikikuta ubavu wa kulia, makalio ubavu wa kushoto. Mtoto amelala kingamo, kama kuni iliyokwama mlangoni.

Nimepokea watoto sitini na mmoja kwa mikono hii. Nilijaribu kumgeuza, akarudi. Nikamgeuza tena, akarudi tena, mbishi kama mama yake. Mtoto wa hivyo hatoki kwa njia ya kawaida. Anataka daktari, kisu, na damu ya akiba pembeni. Akivikosa, unachimba makaburi mawili.

Basi tukaenda hospitali. Mapokezi tulimkuta karani, Bwana Ngalula, amekaa mbele ya kibao cha kioo, amekiinamia kama anayekunywa uji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Huyu ana miezi minane na nusu. Mtoto kalala kingamo. Tunataka kitanda kabla uchungu haujaanza."

Akagusa kioo. "Hii mimba changa. Imebakiza mitatu na nusu."

"Changa! Hebu inua macho umtazame."

"Bibi, sisi haturuhusiwi kuwatazama. Mtu akitazama anaanza kukosea."

Sikudhani akashika kiuno. "Kaka, huo mwezi wa kumi na mbili ukifika, mwanangu atakuwa anakuja mwenyewe kuniandikishia kitanda."

"Dada, usiutangulie mfumo. Mwaka huu wanawake elfu arobaini wamezaa kabla ya tarehe, na wote wameandikiwa barua za onyo."

"Na waliozaa kwa tarehe ni wangapi?" nikamuuliza.

"Bado hawajapatikana," akasema Bwana Ngalula, na hapo akainua macho kwa fahari. "Lakini chumba chao kisafi, bibi! Shuka hazijawahi kulaliwa."

Waliozaa kabla ya tarehe walikuwa wakizalia barazani, juu ya maboksi, mikononi mwa muuguzi mmoja anaitwa Mkunde. Mama mnene, mkavu wa maneno. Alimpapasa Sikudhani pale pale amesimama, uso ukambadilika.

"Bibi, huyu siwezi kumzalisha kwenye maboksi. Daktari yupo, kisu kipo, damu ipo. Ila mlango, kitanda na friji vyote vinaisikiliza ile namba. Nenda Wizarani ukawaambie. Siku zako ni chache."

*

Nikavaa kanga yangu ya heshima, nikaenda Wizara ya Mipangilio. Huko ndiko nilikomkuta Lutengano. Alinipa kiti chake, yeye akakaa juu ya katoni.

"Bibi yangu, kuibadilisha ile namba ni kazi ya dakika moja. Unafungua programu, unafuta kumi na mbili, unaandika tisa."

"Basi fungua, nakusubiri."

"Siwezi. Namba imeandikwa ndani kabisa ya programu, na programu ndiyo iliyokatiwa utepe." Akanionyesha. Kompyuta ilikuwa ndani ya sanduku la kioo, juu ya mto wa mahameli, na vipande viwili vya utepe vimewekwa pembeni kama kitovu kilichokatwa. Askari alikuwa amesimama kuilinda. "Nilishawaambia, namba kama hii haikai tumboni mwa programu. Itolewe, iwekwe kwenye faili pembeni, mahali pamoja, panapojulikana. Utepe haukufika pembeni."

"Wakasemaje?"

"Wakaunda Tume ya Kuchagua Makazi ya Namba. Ina miezi kumi na mmoja sasa. Kesho wanamaliza, na wanahitaji mwanamke mmoja wa kawaida wa kutokea kwenye picha."

"Ukawaida ninao," nikamwambia.

Kesho yake nikaketishwa mwisho wa meza ndefu, nikapewa soda na bendera ndogo. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Waziri Mafwimbo, mtu ambaye hata akipiga chafya katibu huandika. Waheshimiwa walikuwa wanne, kila mmoja na mahali pake pa kuweka namba.

Waziri mwenyewe alitaka ibaki tumboni mwa programu. "Ndugu wajumbe," alisema, "namba iliyokatiwa utepe ni sawa na bendera. Leo mtatoa namba, kesho mtatoa nini? Wimbo wa taifa?"

Katibu Mkuu alitaka faili, kwa sababu faili lina funguo, na funguo ni za Katibu Mkuu.

Wa tatu, Jenerali mstaafu aliyekuwa akisimamia majengo ya hospitali, alitaka kila hospitali ibandike namba yake ukutani, na mashine iwe inausoma ukuta kila inapoamka. "Vita ya mlimani si vita ya bondeni!" akapiga meza. "Huwezi kujua, huenda mimba za mlimani ni fupi."

Wa nne alikuwa Mkuu wa Nyumba Kuu ya Namba, jumba jipya la ghorofa tisa lililojengwa makao makuu ili namba zote za nchi zikae humo na kila mashine iwe inapiga simu kuulizia. Simu hazikuwa zimefungwa bado. Akasema hilo ni suala dogo la kiufundi.

Wakabishana mpaka soda yangu ikaisha. Kuhusu *wapi*, walisema maneno elfu. Kuhusu *ngapi*, hakuna aliyegusa. Mwishowe Waziri akanigeukia, maana mpiga picha alikuwa tayari. "Na mama yetu wa kawaida ana neno?"

"Kitendawili, Mheshimiwa."

Jenerali, kwa mazoea ya utotoni, akasema, "Tega."

"Namba yangu mimi naijua, bibi yangu aliijua, hata mbuzi anaijua ya kwake. Waliosoma hawaijui."

"Namba ya siri!" akasema Katibu Mkuu.

"Bajeti," akasema wa Nyumba Kuu.

"Idadi ya majeshi ya adui," akasema Jenerali.

"Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Maombi ya mji," akasema Waziri kwa upole, "yapitie Wizara ya Ardhi."

"Ni miezi ya mimba, Mheshimiwa. Ni tisa. Mimi nyumbani kwangu chumvi naiweka mezani, maana kila mlaji na ulimi wake. Ila mimba hailiwi kwa ulimi. Mlimani tisa, bondeni tisa, kwa waziri tisa, kwa mshona nguo tisa. Iwekeni popote mnapopenda, hata chini ya mto wa Mtukufu, lakini iwe mahali pamoja, na iwe tisa. Mjukuu wangu ana wiki mbili."

Wakanipigia makofi marefu. Katibu akaandika: *Mwakilishi wa akina mama aliunga mkono.*

Kisha wakaamua. Kule, mbuzi wa sherehe hagawanywi hovyo: kichwa kina mwenyewe, kidari kina mwenyewe, na asiyepata kipande ametukanwa. Wakaichukua ile namba wakaigawa kama mbuzi. Mlango wa chumba cha uzazi ukapewa Jenerali, usome ukuta. Kitanda kikapewa Katibu Mkuu, kisome faili. Ujumbe wa hongera na vitabu vya uzazi na vifo vikapewa Nyumba Kuu, ambayo ingeanza na namba ya zamani mpaka simu zifungwe. Na friji la damu, kwa kuwa damu ni kitu cha heshima, likabaki kwa Waziri, lisikilize tumbo la programu.

Lutengano akasimama, shati likachomoka kabisa. "Waheshimiwa, namba moja ikikaa mahali pane, siku moja zitapingana. Na atakayekuwa katikati ni mgonjwa."

"Zikipingana," akasema Waziri Mafwimbo, "tutaunda kamati ya usuluhishi. Nchi yetu ni ya amani."

Mwezi huohuo Lutengano alihamishiwa leseni za baiskeli.

*

Uchungu wa Sikudhani ulianza Jumanne asubuhi, jua limeshapanda. Tulipofika, mlango wa chumba cha uzazi ulifunguka wenyewe. Ukutani palibandikwa karatasi: TISA. Nikasema moyoni, kumbe waheshimiwa wana masikio, mimi ndiye mwenye mdomo mchafu.

Kitanda kikakataa. Faili lilisema kumi, kwani Katibu Mkuu alikuwa amepatana na mtu, mmoja akisema tisa na mwingine kumi na moja, wakakutana katikati. Kitanda kikajikunja chenyewe ukutani kama jongoo aliyeguswa. Sikudhani akacheka katikati ya uchungu. "Bibi, hata kitanda kinaniringia."

Mkunde akavuta meza ya kupigia pasi shuka, zile shuka ambazo hazijawahi kulaliwa, akamlaza juu yake. Daktari akanawa mikono. Akakata. Mtoto akatoka bluu, akapigwa mgongoni, akapiga ukelele mmoja mrefu.

"Ni nini, Bibi?" Sikudhani akauliza.

"Msichana."

"Kalalaje sasa?"

"Kalala vizuri. Kichwa kiko panapotakiwa."

"Afadhali," akasema. Na damu ilikuwa inatoka.

Daktari akasema, "Damu." Mkunde alikuwa ameshafika kwenye friji. Friji lina mlango wa kioo, na ndani yake mifuko inaonekana imepangwa kama nguo dukani. Niliihesabu mifuko kumi na minne. Juu ya kioo maandishi mekundu yakaandika: MIMBA CHANGA. BAKI MIEZI MITATU. ASANTE KWA UVUMILIVU.

Mkunde akavuta. Akapiga kwa ngumi. Akatoka nje, akarudi na jiwe, akapiga kwa jiwe. Kioo kilikuwa kioo cha serikali. Bwana Ngalula akaja mbio kutoka mapokezi, na kwa mara ya kwanza nikaona anatazama watu. Alimtazama Sikudhani, akalitazama friji, akabonyeza kibao chake kwa vidole vyote kumi, machozi yanadondokea kioo, na kioo kinayasoma machozi kama vidole, kinafungua kurasa asizozitaka. Moja ilimuuliza kama breki ya nyuma inashika.

"Bibi," Sikudhani akaniambia, "nasikia baridi." Nikavua kanga yangu ya heshima nikamfunika. Adhana ya adhuhuri haikumkuta.

*

Nilitaka kumwandikisha. Bwana Ngalula akanionyesha kibao, macho yamevimba. Kwenye kitabu cha vifo, mjamzito hawezi kufa kabla ya tarehe yake. Sehemu hiyo haibonyezeki. Na kwenye kitabu cha uzazi, mtoto hawezi kuzaliwa kabla ya tarehe yake. Hiyo nayo haibonyezeki. Kwa hiyo kiserikali Sikudhani alikuwa mzima, mjamzito, anaendelea vizuri.

Tukamzika bila karatasi. Kaburi halikuiulizia.

Lakini msiseme serikali haikuchukua hatua. Mkunde alisimamishwa kazi kwa kukwaruza kitu kilichozinduliwa. Kamati ya usuluhishi nayo iliundwa, ikaketi, ikagundua kwamba mlango, kitanda na friji kila kimoja kilifuata namba yake kwa uaminifu, na ikavipongeza vyote.

Mtoto nikampa jina la mama yake. Majirani wawili wakamnyonyesha kwa zamu, akanenepa. Miezi mitatu ikapita, na kidogo zaidi.

Asubuhi moja simu ya Sikudhani, niliyoiweka kwenye boksi la nyuzi zake, ikalia. Ujumbe kutoka Nyumba Kuu ya Namba: *Hongera! Mimba yako imekomaa. Fika hospitalini ukiwa na beseni, kanga mbili na tabasamu.*

Sikuwa nimeiweka chini vizuri nikasikia muziki. Magari manne yakaingia uani. Waziri Mafwimbo akashuka, nyuma yake mpiga picha, nyuma yake Bwana Ngalula na kibao chake, na msichana mwenye mkasi juu ya sinia. Wawili wakaanza kufunga utepe mlangoni kwangu, kutoka mwimo huu hadi huu.

"Mama yetu wa kawaida!" Waziri akanyoosha mikono. "Siku ya kihistoria! Katika nchi nzima, mjukuu wako ndiye wa kwanza kutimiza miezi kumi na miwili bila kuvunja utaratibu. Elfu arobaini wameshindwa, yeye ameweza. Mtukufu mwenyewe ametuma salamu. Yuko wapi huyo shujaa?"

Mtoto mgongoni mwangu akacheka kuona utepe unang'aa. Akanishika sikio.

"Na huyu ni wa nani?" akauliza Waziri.

"Ndiye huyo mliyekuja kumpokea."

Muziki ukazimwa. Nikawapeleka nyuma ya nyumba, kwenye mchungwa mdogo tulioupanda kichwani pa kaburi la Sikudhani. Nikawaonyesha udongo. Bwana Ngalula akapiga magoti. Wengine wakasimama wakitazama viatu vyao, na mpiga picha akashusha kamera.

Waziri Mafwimbo akachukua kibao, akavaa miwani, akasoma. Akasoma tena. Kisha akaniinamia kwa huruma, kama mtu mzima anayemweleza mtoto.

"Mama, pole. Lakini lazima kuna makosa mahali. Hapa mfumo unasema yu hai."

"Basi mwamshe, baba," nikamwambia. "Mimi nimemwita miezi mitatu, haniitikii."